Kikoti Amesimama Mlangoni

4 Machi

Kijiti mwanangu,

Marahaba, kabla hujanisalimia. Najua ukiona mwandiko wangu utashtuka, udhani kuna msiba. Hakuna msiba. Mimi mzima, cherehani nzima, paa linavuja palepale. Nakuandikia kwa jambo moja la aibu, na Dereva, jirani yetu anayewapandishia mizigo, ameniapia kwamba kesho ataifikisha bahasha hii kwako bila kuifungua.

Nimeanza kucheza gemu yako.

Ngoja nieleze kabla hujacheka. Jumapili baada ya chakula niliingia chumbani kwako kufuta vumbi. Tangu upande huko mlimani kupima mvua na upepo, chumba kile nakifuta kila wiki wala hakuna anayekichafua. Nikaiona ile mashine chini ya TV, nikasema niifunike kitambaa. Badala ya kuifunika nikabonyeza kitufe. Nilitaka tu kusikia ile sauti ya mwanzo, yale matone ya maji. Miaka mitatu nilikuwa nashona huku nikiyasikia kupitia ukuta, na sasa nyumba imekuwa kimya mno, Kijiti. Hata redio ikiongea naona kama inaongea na watu wengine.

Sasa niambie, kile kijitu kinachotembea gizani, jina lake nani? Mimi nimempa jina la Kikoti. Na nani alimkatia koti lile? Mabega yameshuka mpaka viwikoni, mikono inaburura, pindo halijui pasi. Fundi wake nikimpata namnyang'anya mkasi. Na yule mrefu anayepita akitingisha funguo, anayeinama chini ya meza kutafuta watu, huyo namwita Mwenye Nyumba. Anatembea kama anayedai kodi.

Nimekwama jikoni. Kuna rafu ya juu na dirisha. Nalivuta kreti nipandie, likikwaruza sakafu tu, funguo hizo zinakuja. Nimekamatwa mara kumi na nne. Wateja wananiuliza nguo zao, nawaambia uzi unanigomea siku hizi, na kwa kweli unanigomea, sindano zimekuwa na matundu madogo kama zinatengenezwa na wachoyo.

Nifundishe. Usimwambie mtu.

Mama Mdogo wako


5 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimecheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Dereva anashusha mafuta ya jenereta na magunia ya chakula, nina kama saa moja ya kukujibu kabla hajageuza gari. Nikikosa leo ni mpaka baada ya wiki mbili, na simu huku haishiki hata ukipanda juu ya paa. Nimepanda, najua. Redio tuliyonayo ni ya kusomea namba za hali ya hewa makao makuu, na ukiongeza hata "habari za kazi" wanakukata.

Hana jina. Ila Kikoti linamfaa kuliko lolote.

Jikoni: tatizo lako ni haraka. Sikiliza mabomba ukutani. Kila baada ya muda yanakoroma, kama mtu aliyefungua maji ghorofani. Yakikoroma, vuta. Yakinyamaza, acha, hata kama umebakiza hatua moja. Mwenye Nyumba haoni vizuri, Mama Mdogo, anategemea masikio. Wengi hawalijui hilo, wanajificha kwenye giza wakidhani giza linatosha.

Mimi nipo. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa, naandika joto, upepo, mvua, mawingu. Halafu naandika mwonekano, yaani mtu anaona mpaka wapi siku hiyo. Tuna alama zetu: mti mkavu uko mita mia mbili, mnara mita elfu moja, kilima cha mbele kilomita tano. Ukungu ukishuka naandika mti tu. Kuna siku naandika hata mti haupo. Mwenzangu aliyekuwa na zamu ameshuka kwa ugonjwa na hajaletwa mwingine, kwa hiyo nasema "mti haupo" kwa sauti, ili nisikie mtu.

Usife moyo na gemu. Mwisho wake ni mzuri. Nimeimaliza mara mbili.

Kijiti


18 Machi

Kijiti,

Nimetoka jikoni! Mabomba yamekoroma, nimevuta, yamenyamaza, nimetulia kama mwizi. Nilipopenya dirishani nilipiga makofi peke yangu, na mteja aliyekuwa mlangoni akaniuliza nina wageni? Nikasema ndiyo.

Sasa nimejiwekea utaratibu. Baada ya chakula cha mchana wateja hawaji, basi nafunga mapazia ya chumba chako, nakaa sakafuni karibu kabisa na TV, magoti yananilalamikia. Nimevuka ghala la viti. Nimevuka na ule ukumbi wa picha ambazo macho yake yanamfuata Kikoti. Pale niligeuza uso, nikaenda kwa kusikia mbao za sakafu tu, mbao nzima zina sauti moja na mbovu zina nyingine. Nikafika. Wewe ulikuwa unakamatwa sana pale, nakumbuka, ulikuwa unasonya mpaka huku kwangu.

Ila gemu yako imezidi giza. Ilikuwa hivi tangu mwanzo au mashine imechoka? Pembeni sioni kitu kabisa. Kikoti akienda ukingoni mwa TV ananipotea.

Kuna jambo nataka kukuuliza, na kama hutaki kujibu acha. Dada yangu alipofariki, wewe ulifunga mapazia haya haya ukacheza gemu hii miezi na miezi. Watu waliokuja kutupa pole walinishika pembeni: huyu mtoto anafanya nini na vitu vya kutisha wakati kama huu, hajatishwa vya kutosha? Nilikutetea, lakini kusema kweli na mimi sikuelewa. Nilikuwa nashona tu na kusikiliza. Ulikuwa unatafuta nini mle?

Nakukatia koti la baridi, jeusi, zito, lenye bitana. Litakuwa na mabega yanayokaa mahali pake, si kama la mwenzako.

Mama Mdogo


19 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Nimesoma swali lako mara tatu huku Dereva akinywa chai. Nitajaribu.

Kila mtu aliyekuja pale nyumbani alikuwa na la kusema. Amepumzika, jipe moyo, kazi ya Mungu. Ndani ya gemu ile hakuna neno hata moja. Hakuna anayekwambia jipe moyo. Kuna mtu mdogo asiye na silaha, anayeweza kusukuma, kuvuta, kupanda na kujificha, basi. Na mimi nilikuwa nimebakiwa na hivyo hivyo vinne.

Halafu Kikoti akikamatwa, harudishwi mwanzo. Anarudi hatua chache tu nyuma, pale pale kabla ya kosa. Hujui raha ya kitu hicho. Mama alipokata roho mimi nilikuwa nimetoka nje ya wodi, dakika tano, nimefuata maji ya kunywa. Nilirudi nikakuta wameshamfunika. Usiku na mchana nilitaka hatua zile chache, nirudishwe mlangoni pa wodi na chupa tupu mkononi, nisitoke. Hakuna aliyeweza kunipa. Gemu ilikuwa inanipa mara hamsini kwa siku.

Na woga wa mle ndani unaujua ulipo. Una funguo, unausikia unakuja, unausikia unaondoka. Huu mwingine haukuwa na sauti.

Nilijua uko upande wa pili wa ukuta, Mama Mdogo. Nilikuwa nasikia cherehani. Sidhani kama ningeweza kukaa gizani vile kama cherehani ile ingenyamaza.

Kuhusu giza: bonyeza kile kitufe cha katikati, nenda kwenye mipangilio, mstari wa tatu ni mwanga. Uongeze mpaka mwisho.

Kijiti


25 Machi

(Barua hii haikutumwa. Niliikuta baadaye kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. — Kijiti)

Mwanangu,

Nimeongeza mwanga mpaka mwisho. Hakuna kilichobadilika.

Jana yule muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare zake. Nikammiminia chai, nikamimina mezani. Pembeni ya kikombe kabisa, Kijiti, na mimi naendelea kumimina na kuzungumza. Akanishika mkono. Akanifumba jicho la kulia, akaniuliza vidole vingapi. Nikamuuliza vidole vipi.

Anasema ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana nimekaa nayo. Inakula pembeni kwanza, taratibu, na inachokula hairudishi. Kilichobaki wanaweza kukilinda wakinipata mapema, kila wiki ninayokaa ni wiki ninayoitupa. Amenipa karatasi ya kwenda hospitali ya macho. Nimeiweka chini ya sahani.

Siendi. Nikienda wataniambia niache kushona. Tangu nina miaka kumi na sita watu wananiita Fundi, hata waliosahau jina langu. Nikiacha kushona wataniita nani? Na wewe ukijua utateremka na gari lile lile, utaiacha kazi uliyoisubiri miaka miwili, uje ukae na mimi uniwekee chai mkononi. Tayari ulishakaa kando ya kitanda cha mtu mmoja. Sitakufanyia hivyo mara ya pili.

Naogopa, Kijiti. Nimeandika hapa ili niseme mahali.

Gemu naicheza vizuri kuliko zamani, ila siiangalii sana. Naisikiliza.


1 Aprili

Kijiti wangu,

Barua fupi, kazi ni nyingi. Nimeongeza mwanga kama ulivyosema, sasa pako kama mchana, asante. Koti ndilo hilo kwenye mfuko. Uzito wake umenitoa jasho, lakini baridi ya huko itaisoma namba. Mifuko nimeiweka ndani na nje.

Barua yako ya wiki mbili zilizopita nimeiweka kwenye kitabu cha vipimo, ukurasa wako. Sikujua kuhusu ile chupa ya maji. Mimi ndiye niliyekutuma maji, mwanangu. Dada yangu alisema ana kiu, nikakwambia nenda, nilikuwa nimemshika mkono. Kama kuna wa kurudishwa hatua chache nyuma, ni mimi.

Mama Mdogo


2 Aprili

Mama Mdogo,

Sikukumbuka kwamba ulinituma. Nimekaa na sentensi ile tangu Dereva afike, na sijui niweke wapi. Nafikiri ulifanya sawa. Alikuwa na kiu.

Koti limenikaa kama nilizaliwa nalo. Mabega yake wewe tu ndiye unayeyajua. Lakini nimelitoa nje juani kulitazama, na nina swali. Kitambaa ni cheusi, ila mkono wa kushoto wote, pindo na kola umeshonea uzi wa buluu. Si buluu ya kukaribia nyeusi, ni buluu ya sare za shule. Yule mwanafunzi wako wa zamani alipofanya hivyo ulimfumulisha gauni zima mbele ya mteja.

Na mistari ya barua zako inateremka. Ya mwezi wa tatu ilikuwa imenyooka, hii inaanza juu kushoto kwa karatasi na kumwagika chini kulia. Labda ni mimi, kazi yangu ni kuangalia vitu vinavyobadilika.

Nifanyie jambo moja, uchukulie kama mchezo. Nipimie mwonekano. Keti kwenye cherehani saa tatu asubuhi, mlango wazi, uandike unaona nini kutoka karibu mpaka mbali. Hivyo tu, kama ninavyofanya mimi.

Kijiti


15 Aprili

Kwa Mkuu wa Kituo cha Hali ya Hewa,

Taarifa ya mwonekano, saa tatu kamili, jua kali, hakuna mawingu. Mpimaji: Mama yako Mdogo.

Karibu: kizingiti, na kandambili za mteja mmoja aliyesahau. Ng'ambo ya barabara: kibao cha kijani cha duka la dawa. Pembeni yake: kinyozi na kiti chake chenye kiraka. Juu ya paa la mwenye stoo: tangi la maji, jeusi, limeinama kidogo kushoto kama kawaida yake. Nyuma kabisa: mnara wa simu. Umeridhika?

Uzi wa buluu ni kwa sababu umeme ulikatika na mimi nina kiburi, nikamalizia gizani. Fumua ukitaka.

Tuzungumze mambo ya maana. Nimefika chumba cha ngazi, kile chenye mlango mkubwa mwisho. Kikoti ameokota taa ya mkononi. Anapanda, anapanda, halafu taa inaanza kufifia na funguo zinasikika juu na chini kwa pamoja. Wewe umeimaliza mara mbili. Taa ikizimika nifanye nini? Na huko nje kuna nini?

Mama Mdogo


16 Aprili

Mama Mdogo,

Tangi halipo.

Dereva alikuwa anakunywa chai, mimi nasoma taarifa yako kwa sauti na kucheka. Nilipofika kwenye tangi akaweka kikombe chini. Akasema lilishushwa wiki tano zilizopita, Jumapili mchana, na yeye mwenyewe alikuwa ameshika kamba. Anasema mapazia ya chumba changu yalikuwa yamefungwa. Hapo juu sasa kuna anga tu. Na kinyozi amehama tangu mwezi wa pili, pale pameegeshwa pikipiki.

Hukuangalia. Uliandika mtaa unaoujua kwa moyo.

Nimekasirika kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Hapa nilipo, mtu akiandika mnara ambao hajauona, ndege inaweza kugonga mlima. Hilo ni kosa la kufukuzwa kazi. Ni macho, siyo? Giza la gemu, uzi, mistari. Nami nikakwambia uongeze mwanga! Nimejipiga kichwa kwa kiganja mpaka Dereva amenishika.

Nenda hospitali. Dereva amesema atakupeleka siku yoyote utakayotaja, umpigie filimbi tu. Nimeomba kwa redio niteremke, wamekataa mpaka mtu wa kunipokea zamu apatikane. Sina njia nyingine ya kukusukuma isipokuwa karatasi hii.

Na kwa kuwa nakudai ukweli, nami nitoe wangu. Sijawahi kuimaliza gemu ile. Hata mara moja. Nilifika chumba cha ngazi labda mara mia. Taa ikianza kufifia nilikuwa naizima mashine kwa mkono wangu, kabla giza halijakamilika. Nilidhani ndipo anapokufa, na kwamba safari hii hatarudishwa. Halafu nikakimbilia mlimani kwenye kazi ya kuangalia mbali. Kwa hiyo sijui nje kuna nini. Sijui ubonyeze nini. Hapo nimekuacha peke yako, nisamehe.

Nenda hospitali, Mama Mdogo. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba nikiwa mdogo.

Kijiti


30 Aprili

Mama Mdogo,

Dereva amepanda bila barua. Anasema amegonga kwako juzi, jana na leo alfajiri. Mlango umefungwa, kibao cha "Fundi yupo" kimegeuzwa. Ila jana alipoweka sikio alisikia matone ya maji ndani. Nimemuuliza ni bomba au ni gemu, hajui tofauti.

Mtu wa kunipokea amepatikana. Atapanda tarehe 28 Mei, nami nashuka na gari hilo hilo. Nimekubaliwa nafasi ya kupokea namba makao makuu, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwako. Usinigombeze. Sishuki kuja kuuguza mtu. Huku nimekuwa naongea na mti, Mama Mdogo, na mti wenyewe mara nyingi haupo.

Andika neno moja tu. Hata lipinde.

Kijiti


13 Mei

Kijiti mwanangu,

Mwandiko huu si wangu, ni wa Dereva. Mimi natamka, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze lake. (Siongezi. Lakini chai yake ni nzuri na hajamwaga. — Dereva)

Barua yako ya tangi nilisomewa na muuguzi, kwa sababu maandishi yako yaliyotoboka sikuyaweza. Akaisoma yote mpaka mwisho. Nilikasirika. Niliona aibu kukamatwa na tangi la maji. Nikafunga duka, nikageuza kibao, nikaingia chumbani kwako, na siku kadhaa sikumfungulia mtu.

Nikarudi kwenye zile ngazi. Taa ikafifia. Nikasema, mwenye gemu amekimbilia mlimani, nami nimekimbilia chini ya pazia, sasa nani atamtoa huyu? Nikaiacha izimike.

Kijiti, hafi.

Taa inazimika, TV inakuwa nyeusi tii, na unadhani mambo yamekwisha. Ukisubiri unasikia bado anapumua. Ukibonyeza, anatembea. Ni chumba cha kusikiliza, basi. Funguo zikiwa kushoto unasimama, mabomba yakikoroma unapanda, mbao mbovu unairuka. Wanaotegemea macho wanaweza kuhangaika pale mwezi mzima. Mimi nilipita mara ya kwanza, wala moyo haukwenda mbio, kwa sababu giza lile nilikuwa nimeshalizoea na sauti zile nilizikariri kupitia ukuta wakati wewe unalia upande wa pili. Hukuwahi kushindwa, mwanangu. Ulikuwa unaizima mapema.

Kesho yake nikampigia Dereva filimbi. (Ni kweli. Mtaa mzima ulitoka. — Dereva)

Sasa ya hospitali, sitakuficha. Jicho la kushoto limekwenda, halirudi. La kulia limebaki katikati, kama kuchungulia kwenye tundu la kifungo. Hilo wanasema watalilinda: nina dawa ya matone asubuhi na jioni, na tarehe 3 Juni watanipasua kupunguza presha. Daktari ni binti mdogo kama wewe. Nikamwambia mapema kabla hajanihurumia: usiniambie niache kushona. Akasema shona, lakini mtu akupangie rangi za uzi. Nililia pale kwenye kiti, yeye akadhani ni matone.

Najua tarehe 28 unashuka. Sikugombezi. Nilitaka kukugombeza, nikaona nitakuwa nadanganya tena. Nimekununulia godoro, lile la zamani lilikuwa limekuchoka.

Imebaki kitu kimoja. Mwisho wa ngazi mlango ulifunguka. Nikasikia upepo mkubwa, wa nje kabisa, na funguo zikabaki nyuma, mbali, mpaka zikaisha. Kikoti amesimama kizingitini. Najua amesimama kwa sababu koti linapigapiga. Lakini huko mbele, Kijiti, mimi naona weupe tu. Nimesogeza uso mpaka pua imegusa kioo. Kunaweza kuwa na watu, kunaweza kuwa na njia, kunaweza kusiwe na kitu. Dereva amejitolea kuniangalizia nikamkatalia, akae na mlima wake. (Nimegeuza uso ukutani kama nilivyoamriwa. — Dereva)

Nimemwacha pale pale. Umeme ukikatika na akarudishwa hatua chache nyuma, nitamtoa tena, njia naijua. Wewe shuka, nawa mikono, kaa sakafuni karibu yangu na mapazia tuyafungue. Halafu unipimie mwonekano, kuanzia karibu mpaka mbali, na safari hii hakuna kuandika tangi ambalo halipo.

Mama yako Mdogo,
Fundi